Chuma Kisicho na Kazi cha Hironimus

Hironimus Mapunda wa Lizaboni, mtaa wa Songea, alikuwa na imani mbili. Ya kwanza alipewa na mapadre alipobatizwa, na hiyo aliitunza kwa ajili ya Jumapili. Ya pili aliipata mwenyewe akiwa amelala chali chini ya magari, nayo ilikuwa ya kila siku: gari ni injini, breki na usukani, na vingine vyote waliolitengeneza waliviweka kwa sababu walikuwa na chuma kingi na muda mwingi.

Alizaliwa Maposeni, akakulia kwenye mahindi, na alipogundua kwamba mahindi hayana usukani akayaacha akaja mjini. Aliendesha lori la chama cha ushirika miaka ile ambayo spea ilikuwa kitu cha kusikia kwa watu waliotoka Dar es Salaam. Mkanda wa feni ukikatika, ulifunga soksi ya mkeo. Bushi ya mpira ikiisha, ulikata ndala. Na kisichorekebishika ulikitoa, ukakitupa porini, ukaendelea na safari. Waliokuwa hodari wa kutoa waliheshimiwa sana, na Hironimus alikuwa bingwa wao. Siku alipokabidhi lile lori lilikuwa jepesi kama mjane aliyetembelewa na ndugu wote wa marehemu.

Ushirika ukafa, kwa ugonjwa unaojulikana na kila mtu na usioandikwa popote. Watumishi wakapunguzwa, magari yakapigwa mnada. Tukaambiwa sasa ni soko huria, kila mtu ajitafutie. Hironimus alijitafutia Pijo 504, ile ndefu yenye viti vya safu tatu, iliyokuwa ikiwapeleka wakubwa kwenye mikutano ya kujadili kwa nini ushirika unapata hasara. Aliileta nyumbani, mkewe Kunegunda akapiga vigelegele, majirani wakaja kuishika, na kesho yake asubuhi akaingia chini yake na spana, akaanza kutoa.

Kwa miezi michache ya kwanza alitoa vitu visivyo na madhara. Kisha akafika kwenye chuma cha mbele. Ni chuma kirefu, kimepinda kama upinde, kinapita chini ya injini na kuunganisha upande wa gurudumu la kushoto na wa gurudumu la kulia. Mafundi wanakiita stebilaiza. Bushi zake zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo kila penye shimo kiligonga: ngo, ngo, ngo. Kwa Hironimus kelele ndiyo ugonjwa wenyewe. Ukitoa kinachopiga kelele, gari limepona.

Mimi nauza spea karibu na stendi. Bushi zile zilikuwa zimejaa kwangu, maana soko huria lilikuwa limetuletea kila kitu isipokuwa wanunuzi. Nilimwonyesha. Akanitazama kama mtu anayeuziwa hewa.

"Hiki chuma kina kazi gani?" aliniuliza.

"Kinazuia gari lisilale kwenye kona."

"Likilala litaamka."

Sikubishana. Muuza spea akikwambia gari lako linahitaji spea, huyo si shahidi. Hironimus akakitoa chuma, akakipeleka kwa mhunzi wa kijiji cha Mpitimbi, akafuliwa jembe moja na nyengo mbili za kufyekea. Kunegunda alilima navyo msimu mzima. "Sasa ndiyo kina kazi," Hironimus alitangaza stendi, na watu wenye akili timamu walitikisa vichwa kukubali.

Hapa lazima nimtendee haki. Miezi ile alikuwa akipakia abiria wa Mpitimbi, na kwenye barabara ile hakukosea. Ni matope na mashimo, mwendo ni wa ng'ombe anayerudi nyumbani bila kufukuzwa. Mahali kama pale kile chuma hakina msaada mkubwa. Bila hicho kila gurudumu linaingia kwenye shimo lake lenyewe bila kumvuta mwenzake, na gari linapanda na kushuka kwa raha. Pijo lilitulia, kelele zikaisha, abiria wakasifu. Kosa la Hironimus halikuwa Mpitimbi. Kosa lake ni kwamba alipoiona Mpitimbi akaamini ameiona dunia.

Kwa sababu baadaye alipata kazi ya lami. Biasha, au Mama Daimu, mfanyabiashara wa Kiyao aliyehamia mjini kutoka Tunduru, alikuwa na wenzake watano wanaouza mitumba sokoni. Kila wiki walikwenda Makambako na magunia ya korosho juu ya gari, wakauza korosho, wakarudi na mabelo ya nguo. Hiyo kwa dereva ni zaidi ya kazi, ni shamba linalovunwa kila wiki bila kupaliliwa. Hironimus aliwapata kwa sababu Pijo ni refu na mdomo wa mwenyewe ni mrefu zaidi. Kunegunda akaanza kufyatua matofali ya nyumba mpya. Kila tofali lililokauka pale uani lilikuwa linawategemea Biasha na wenzake.

Lami ya kwenda Njombe ni nzuri, na ubaya wake ndio huo. Hadi Madaba unakwenda bila wasiwasi. Ukifika Lukumburu barabara inaanza kujikunja kama mtu anayetafuta uongo wa kusema, kona juu ya kona, bonde upande mmoja na ukuta wa mlima upande mwingine. Mwendo ni wa lami, mzigo uko juu ya paa, na chuma kiko shambani kinapalilia mahindi.

Safari ya kwanza mama mmoja alitapika. Hironimus akasema ni mihogo. Safari ya pili walitapika wawili, akasema ni maharage. Ya tatu akapiga marufuku chakula chochote kabla ya Njombe, wakatapika chai. Akanunua tangawizi. Akabadilisha tairi. Akaning'iniza kwenye kioo kile kikaratasi cha manukato chenye umbo la mti, wakatapika kwa harufu ya limau. Kunegunda, ambaye hakuwa akipanda, alishauri maji ya baraka. Yakanyunyizwa, hata juu ya Biasha, ambaye alijifuta kwa kanga na kumwambia Hironimus, "Baba Noela, mimi nilishatawadha nyumbani."

Mtu aliyeujua ugonjwa, ukiniacha mimi nisiye shahidi, alikuwa Otto, fundi wa Mfaranyaki. Tatizo la Otto lilikuwa kabila lake. Otto ni Mbena wa Njombe, Hironimus ni Mngoni, na Mbena na Mngoni ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakaona ni nafuu watukanane. Mtani anaweza kukwambia sura yako inatisha mifugo, nawe unacheka. Anaweza kukuchukulia kofia kichwani akaondoka nayo. Kwenye msiba wako atadai wewe ndiye uliyekuwa na deni lake. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Ni desturi nzuri sana, ina kasoro moja tu: mtani akiwa na jambo la kweli, hana mdomo wa kulisemea.

Siku moja Hironimus alipeleka gurudumu kuzibwa pancha kwa Otto. Biasha alikuwepo, amekaa juu ya gunia lake, anasubiri. Otto akachungulia chini ya Pijo, akakaa pale kwa muda, akatoka anapangusa mikono.

"Mngoni, stebilaiza iko wapi?"

"Iko shambani kwa mke wangu. Wewe inakuhusu nini, mla viazi?"

"Inanihusu. Gari hili litakuzika Lukumburu. Paa lina mzigo, chini hakuna kitu cha kulishika. Likilala kona moja, kona ya pili halina muda wa kuamka."

Hironimus akacheka mpaka akashika bodi ya gari. "Unaona huyu? Ananiombea kifo ili aje kula kuku wangu wa matanga!"

"Kuku wako nitakula, hilo halina mjadala. Lakini sasa nasema kweli."

"Mbena akisema kweli mvua ya mawe inanyesha. Ziba pancha, baba, mikono yako inanuka pombe ya ulanzi."

Otto akajaribu tena. Aliweka mkono kifuani, akavuta uso wa kanisani, akasema, "Hironimus, tuweke utani pembeni." Akazidisha ubaya, kwa sababu hakuna utani mtamu kama ule unaoanza hivyo. Vijana wa gereji wakaanguka kwa kicheko. Otto mwenyewe mwishowe akacheka, maana uso wa mtu una kikomo. Akaziba pancha, akachukua kofia ya Hironimus kama ada ya ushauri, mambo yakaishia hapo.

Ila Biasha hakucheka. Myao wa Tunduru hakuwa na utani na Otto wala na babu yake Otto. Maneno yaleyale yaliyoingia sikio la Hironimus yakiwa kichekesho, kwake yaliingia yakiwa maneno.

Wiki iliyofuata, asubuhi, kabla ya kupandisha magunia, alimwita Hironimus kando. Mimi nilikuwa nimeshakaa kiti cha mbele, nakwenda Makambako kuchukua mzigo wangu, kwa hiyo nilisikia.

"Baba Noela, wenzangu wamechoka. Kuna Haisi imekuja, ile yenye maandishi ya Kijapani. Wanataka kuhamia huko."

"Haisi? Mama Daimu, ile ni mkebe wa maziwa!"

"Mkebe hautapishi. Leo ni mara ya mwisho nawazuia. Tukifika Njombe salama, matumbo yetu yakiwa mahali pake, tunaendelea na wewe. La sivyo, kwaheri ya kuonana. Na kile chuma alichosema yule fundi ukitafute."

"Chuma! Yule mtani wangu alikuwa anatania!"

"Mimi si mtani wako."

Hironimus alilisikia hilo kama mtu anayesikia redio ya jirani. Chuma hakukitafuta. Badala yake alikuwa na mpango alioufikiria usiku kucha, na sasa, akina mama walipokwisha kukaa, akauweka hadharani kwa fahari ya mgunduzi. Aliwapanga upya kama magunia: wazito katikati, wembamba dirishani. Mama mmoja mnene alihamishwa mara tatu, na macho yake yaliandika. Kisha Hironimus akatoa hotuba.

"Akina mama, gari linalala kwenye kona kwa sababu nyinyi mnalala nalo. Leo nikisema kulia, wote egemeeni kulia. Nikisema kushoto, wote kushoto. Gari litanyooka kama rula."

"Kulia ya wapi?" mmoja akauliza.

"Kulia ya mkono wa kulia!"

"Nisiyekula ugali tangu jana najuaje mkono wa kulia?" akajibu, na wenzake wakacheka. Tukaondoka wakiwa na furaha, na furaha ni mzigo mwepesi.

Nitasema kitu cha ajabu: ule mpango ulifanya kazi. Kona za kwanza za Lukumburu Hironimus alipaza sauti, "Kulia!" na akina mama sita wakalala kulia kama mahindi kwenye upepo, na Pijo likapita limenyooka. "Kushoto!" Wakalala kushoto. Hata mimi, mtu mzima mwenye duka, nilijikuta nimeegemea. Hironimus aliniangalia kwa pembe ya jicho. "Unaona, muuza spea? Bure kabisa."

Ilikuwa bure mpaka tulipofika kwenye kona mbili zilizoshikana, ya kulia halafu papo hapo ya kushoto. "Kulia!" Wakalala kulia vizuri. "Kushoto!" Lakini mtu si chuma. Chuma kikisokotwa kinajirudisha chenyewe. Mtu mpaka asikie, aelewe, ainue kiuno chake na cha jirani aliyemlalia. Walikuwa bado wako kulia gari lilipopinda kushoto. Uzito wote, na magunia ya korosho juu, ukamwagika upande uleule. Pijo likalala. Nikaona barabara ikipanda kwenye kioo upande wa dereva. Likateleza likavuka mstari mweupe hadi upande usio wetu, na mbele kulikuwa na lori la mbao linashuka, linapiga honi kama mwisho wa dunia.

Sijui Hironimus alifanya nini na usukani. Nadhani na yeye hajui. Gari liliyumba kulia, likayumba kushoto, lori likapita na upepo wake, na sisi tukaishia kwenye majani ya pembeni, mdomo wa gari ukiwa umetazama bonde kwa udadisi mkubwa.

Gunia moja likajidondokea nyuma yetu taratibu, pu, kama mtu aliyekata tamaa.

Biasha alishuka wa kwanza. Wenzake wakafuata, mmoja analia, mmoja anacheka, yule mnene anakitafuta kiatu chake. Hironimus naye akashuka.

"Mlichelewa," alisema. "Nilisema kushoto."

Nimeishi kwa kupatana bei na nimewaona watu wakiharibu biashara kwa neno moja, lakini sijawahi kuona neno baya kama lile.

"Tumechelewa," Biasha akarudia polepole. "Sawa. Baba Noela, nikuulize. Kazi tuliyokuwa tunaifanya humo ndani, ya kulala huku na kulala huku, ni kazi ya nani?"

"Ni ya... ni ya kusaidia gari."

"Ni ya kile chuma. Yule fundi alisema. Sasa mimi sijawahi kuona chuma kinalipa nauli. Injini inalipa? Tairi linalipa? Basi na sisi hatulipi. Na kona zilizobaki tunatembea kwa miguu, wewe pita na gari lako, utusubiri penye kunyooka."

Ndivyo tulivyoimaliza Lukumburu. Pijo tupu lilitangulia kona kwa kona kama mtu anayekwenda kuchumbia, na akina mama walikata njia kupitia vijia vya mlimani, kanga mkononi, wakilikuta limesimama linasubiri. Wanapanda, wanasogea kidogo, kona inatokea, wanashuka. Watu waliokuwa wakilima kando ya barabara waliacha majembe kututazama.

Tulipofika Njombe Biasha alishusha mzigo. Alikaa juu ya magunia stendi na wenzake, akasema watasubiri mpaka adhuhuri. Chuma kikipatikana, wanaendelea. Kisipopatikana, kuna magari mengi ya Makambako na watu wake wana adabu. Ndipo Hironimus alipoelewa. Si Lukumburu iliyomfundisha. Ni kuona akina mama sita wamekaa juu ya mzigo wao nje ya gari lake, wanakula machungwa, matumbo yametulia kabisa.

Tulipata Pijo bovu nyuma ya duka la Bartolomeo, Mbena mnene mwenye koti zito, anayeuza vyuma vya magari yaliyokufa. Lilikuwa limesimama juu ya mawe, na chuma chake cha mbele kiko mahali pake. Bartolomeo alimsikia Hironimus akiongea, akatambua lafudhi, uso ukamchanua.

"Mngoni! Umekuja kurudisha ng'ombe wa babu yangu?"

Akataja bei. Ilikuwa bei ya kulipia ng'ombe wote waliochukuliwa na Wangoni tangu walipovuka Zambezi. Nilifungua mdomo kuingilia, maana hapo ndipo kazi yangu ilipo, lakini Hironimus alinizuia kwa mkono. Akaazima spana, akaingia chini, akafungua. Hiyo ndiyo kazi anayoijua kuliko zote, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na maana. Akatoka na chuma begani.

"Mtani," alisema, "hiki nimechukua."

Akaanza kutembea. Bartolomeo alibaki kinywa wazi. Kukasirika haruhusiwi, wateja wake wote wanatazama, na wote ni Wabena wanaojua sheria. Alimfuata mpaka kwenye Pijo, akazunguka gari, akaingiza mkono dirishani, akang'oa redio ya kaseti na nyaya zake.

"Na mimi nimechukua," alisema. "Nenda salama, mtani. Bushi ni za kununua. Bushi hazina utani."

Hironimus alinunua bushi. Chuma kikafungwa. Adhuhuri ilikuwa imepita kidogo na Biasha alijifanya hajaona jua.

Tuliporudi kutoka Makambako mabelo yalikuwa juu ya paa, mazito kuliko korosho. Tukaingia Lukumburu kwa kushuka, ambako ni kubaya zaidi. Pijo liliinama kidogo kwenye kona, kama mtu mzima anayepokea shikamoo, likanyooka. Kona iliyofuata hivyohivyo. Kwenye zile kona mbili zilizoshikana Hironimus alipaza sauti kwa mazoea, "Kulia!" Hakuna aliyejitingisha. Nikageuka nyuma: akina mama wamelala wote, vinywa wazi, yule mnene amemlalia jirani yake upande usiotakiwa, na gari halikujali.

Nauli ya siku ile hakupata. Alijaribu kuidai pale Songea, walipokwisha kushusha, akasema kurudi hawakuwa chuma tena. Biasha akakubali kwamba kurudi ni kweli, akakata bei ya kiatu cha yule mnene kilichopotea, akakata gunia lililopasuka, akakata hofu, na mwishowe Hironimus ndiye aliyeonekana kuwa na deni. Nilisimama pembeni nikajifunza.

Kwa wiki nzima alizunguka stendi akiwafundisha madereva wenzake umuhimu wa stebilaiza, jambo ambalo, alisema, watu wengi wasio na uzoefu hawalijui. Otto akampitia, akasikiliza, akamwambia, "Haina kazi hiyo, Mngoni, toa." Hironimus akamtukana kwa nusu saa, kwa furaha kubwa. Mpaka leo haamini kwamba Otto aliwahi kumwambia.

Siku ya safari ilipofika alikuwa stendi tangu alfajiri, gari limeoshwa. Haisi nayo ilikuwepo, mpiga debe wake anaita kwa sauti iliyokwisha kukauka. Akina mama sita walikuja na magunia yao, wakasimama katikati ya magari mawili, hawaendi huku wala huku. Hironimus akapangusa kioo kilichokwisha kupanguswa.

Biasha akamkabidhi mwenzake pochi, akakunja kanga, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya Pijo. Akaingiza kichwa chini. Tukaona mkono wake ukishika kitu na kukitikisa kwa nguvu, mara mbili.

"Kipo?" wenzake waliuliza.

"Kipo."

Wakaanza kupandisha magunia. Hironimus akamgeukia Biasha.

"Mama Daimu, hata mume hakaguliwi hivyo."

"Mume hanipitishi Lukumburu," alisema Biasha, akajifuta vumbi magotini, na kuanza kuzungumzia nauli mpya.